Eksaita kwenye gitaa la besi: udanganyifu au msaada?

Mpiga besi anayeweka eksaita, yaani pedali inayoiongezea noti milio ya juu inayotokana nayo, kati ya gitaa lake na amplifaya, huku kwetu Unguja na Pemba, huonekana kama mtu anayeficha udhaifu wa vidole vyake. Wanaompinga husema kwamba sauti itoke mkononi na kwenye uzi, na ikiwa haitoshi, kipo kitufe cha besi. Hoja hiyo ina uzito, ila nahisi imezisahau spika tunazokodi.

Uzi mnene wa gitaa la nyuzi nne, ule wa E, ukipigwa wazi hutetema kwa Hezi 41.2, yaani mara 41.2 kwa sekunde; huo ndio msingi wa noti. Spika nyingi zinazoletwa harusini huanza kulegea kabla ya kuteremka hadi hapo, na fundi mitambo anayepandisha masafa hayo kwa desibeli 6 anaiomba amplifaya nguvu mara nne: noti iliyotaka wati 100 sasa inataka 400. Koni ya spika nayo, ili itoe Hezi 41 kwa ukubwa uleule wa sauti ya Hezi 82, lazima isogee mara nne zaidi. Nimeliona hilo kwa macho katika shughuli moja ya harusi Wete, ambapo koni ilikuwa ikitapatapa kama kifua cha mtu aliyepanda mlima mbio, na kilichosikika ni mvumo tu usio na noti ndani yake. Kitufe cha besi kilikuwa kimefika mwisho.

Eksaita, ambayo kampuni ya Aphex ya Marekani iliipa umaarufu tangu katikati ya miaka ya 1970, haiulazimishi msingi huo utoke. Inazaa hamoniki zake, yaani milio iliyo mara mbili, tatu na nne ya msingi: Hezi 82.4, 123.6 na 164.8, ambazo spika ndogo inazimudu bila ya taabu. Baina ya kila moja na inayofuata kuna pengo lilelile la 41.2, na sikio, kwa maumbile yake, huujaza msingi ambao haupo. Anayeuita huo udanganyifu alisikilize sanduku la kidumbak, muziki wa harusi wa huku kwetu, lenye uzi mmoja na fimbo na lisilotumia umeme: sidhani kwamba linafahamika katikati ya vigelegele kwa uzito wa sauti pekee. Mkwaruzo wa uzi na mlio wa mbao ndio unaoliongoza sikio.

Eksaita isichanganywe na Sonic Maximizer, kifaa kingine cha kunogesha sauti kutoka kampuni ya BBE, ingawa madukani huwekwa pamoja. Hiyo huchelewesha sauti nzito kwa takriban milisekunde 2.5, muda ambao sauti husafiri chini ya mita moja hewani, na papo hapo hunyanyua sauti za chini na za juu. Nina shaka kama kuchelewesha huko ndiko kunakopendeza. Ule unyanyuaji ndio unaosikika zaidi, na ikwalaiza ya kawaida, ile ya kupandisha na kushusha masafa, inaweza kuufanya.

Wapinzani wana haki katika jambo moja zito. Umeme wetu ni wa Hezi 50, na waya mbovu ukivuma kwa Hezi 50 na 100, eksaita itaukuza mvumo huo pia, pamoja na kila mkwaruzo wa kidole. Katika taarabu, ambamo besi inatakiwa itulie chini ya fidla, kanuni (ala ya nyuzi nyingi) na akodiani, hamoniki zikizidi huanza kugombania nafasi na sauti ya mwimbaji. Tena, jukwaa la tamasha la Sauti za Busara pale Ngome Kongwe, Unguja, lina mitambo ya kiwango kingine kabisa. Sabufa nzuri, yaani spika za sauti nzito, zikiwepo, msingi wenyewe unafika kwa msikilizaji na eksaita ambayo ingeiokoa shughuli ya Wete itaifanya besi iwe kali bila ya sababu. Hapo pedali izimwe. Penye spika mbili juu ya stendi na jenereta uani, mimi ningeiwasha, kitufe chake kikiwa robo tu, kabla sijagusa kile cha besi.