Bunduki tisa, pampu moja

Kuna jamaa tunaendesha nae malori hapa Spokane, jimbo la Washington, ana ekari zake 20 huko Idaho karibu na Bonners Ferry, unavuka mpaka wa jimbo afu unapanda kaskazini, safari nzima saa mbili na kitu, mpaka unakaribia kabisa Canada. Ni prepa. Maprepa ni wale watu wanaojiandaa kwamba kuna siku umeme utakata nchi nzima, dola itakuwa karatasi, mjini watu watageukana, na yeye siku hiyo atakuwa kashafunga geti lake mlimani na wanae anakula maharage ya kopo. Huku wako kibao. Mwaka 2011 James Wesley Rawles, mwandishi wa vitabu vya maprepa, alitoa wito watu wenye mawazo kama yake wahamie Idaho, Montana, Wyoming na upande wa mashariki wa Oregon na Washington, eneo lote akalipa jina American Redoubt, yaani ngome ya Marekani, na toka hapo kuna madalali wanauza viwanja vya kule kama vile wanauza ngome.

Februari nikaenda nae wikiendi. Kitu cha kwanza kunionyesha ni sefu. Kafungua, harufu ya mafuta ya bunduki ikanijia, nikahesabu tisa, zimesimama mstarini kama watoto wa shule asubuhi, zinang'aa. Jioni betri za sola zikaisha maana paneli zimelaliwa na theluji, akaenda kuwasha jenereta avute maji kisimani. Akavuta kamba, akavuta, akavuta tena, haishiki. Kabureta imeziba, petroli imelala humo toka kiangazi imekuwa kama gundi. Maji yako futi mia na kitu chini ya miguu yetu na hatuna namna ya kuyatoa, basi wanaume wawili wazima tukakesha tunayeyusha theluji kwenye jiko la kuni, na kwa asiyejua, ndoo nzima ya theluji ukiiyeyusha inabaki maji ya kunawa uso na kusukutua.

Toka siku hiyo tunabishana, na ubishi wenyewe naona una uzito pande zote mbili ndo maana nauandika.

Upande wake kwanza, maana watu wengi wa kwetu wakisikia bunduki tisa wanasema huyu kichaa, na hilo sio kweli. Kaunti ile ya Boundary ina kilomita za mraba zaidi ya 3,000 na watu kama elfu 12 tu. Ukipiga simu usiku wa theluji sherifu anaweza kuwa upande wa pili wa milima, na hata akiwa na nia njema gari haipai. Dubu wapo, tena grizzly wenyewe, ambao wanalindwa na sheria kwa hiyo huwezi kumpiga ovyo kisa kakanyaga kiwanja chako, ndo maana hata wenye bunduki wanatembea na kopo la dawa ya pilipili kiunoni. Kulungu wapo, na nyama ya kulungu mmoja kwenye friza inafuta bili ya bucha kwa muda mrefu. Mtu anayeishi hivyo bila bunduki kabisa anategemea bahati, mimi hapo simpingi.

Ubishi unaanzia kwenye bunduki gani na ngapi. Yeye mpango wake ni ule wanaoufuata wengi, chukua kaliba (ukubwa wa risasi) za kawaida ili risasi zisikusumbue kupata: .22 ya kujifunzia na sungura, shotgani ya geji 12, raifo ya .308 ya kuwindia, AR-15 ya 5.56, ile inayofanana na ya jeshi, bastola ya 9mm, zinazobaki ni za mapenzi tu wala hakatai. Hoja ya kaliba za kawaida ina akili, maana bunduki yenye risasi adimu ni rungu la bei mbaya. Ila historia ya juzijuzi inaivuruga. Mwaka 2013, baada ya mauaji ya watoto kwenye shule ya Sandy Hook watu wakaogopa sheria kali zinakuja, kilichopotea madukani ni hiyo hiyo .22 ambayo ilikuwa inauzwa kama karanga. Mwaka 2020 ukaguzi wa rekodi za wanunuzi unaopita FBI ulifika milioni 39.7 kutoka milioni 28.4 mwaka uliotangulia, na 9mm na 5.56 zikawa hazionekani, ukizikuta bei imepanda mara kadhaa. Yaani kaliba ya kila mtu ndo inayogombaniwa na kila mtu. Raifo za zamani za uwindaji zenye kaliba za wazee wakati mwingine zilikuwa na risasi zimelala rafuni. Kwa hiyo nachokubali kwake ni hiki, nunua kaliba ya kawaida lakini weka risasi mapema kidogo kidogo, na usiwe na kaliba tano za kulisha kama una pesa ya kulisha mbili. Mimi ningeishia shotgani na .22, labda na raifo moja ya kuwindia. Tena ningezifyatua. Jamaa mwenyewe kaniambia mbili kati ya zile tisa hajawahi kuzipiga risasi hata moja.

Kuna suala la sheria ambalo wabongo na Wakenya na ndugu zetu Wakongo tunaokaa huku inabidi tulijue maana mpaka wa jimbo uko nusu saa tu kutoka mjini. Idaho toka 2016 walianza kuruhusu mkazi abebe bastola iliyofichwa bila kibali, na toka 2020 ni raia yeyote wa Marekani. Washington huku toka Julai 2022 hawauzi magazini ya risasi zaidi ya 10, na toka Aprili 2023 hawauzi kabisa AR-15. Usidhani utavuka ukanunue bastola Idaho dukani urudi nayo, sheria ya shirikisho hairuhusu duka kukuuzia bastola kama wewe ni mkazi wa jimbo jingine. Na kama uko kwa viza ya masomo au matembezi, kushika tu bunduki kwa kawaida ni kosa la shirikisho, kuna vijinjia vidogo kama leseni ya uwindaji ila usivikisie, muulize wakili. Mwenye grini kadi anaruhusiwa.

Na kaunti hiyo hiyo ya jamaa yangu ndo kilitokea kisa cha Ruby Ridge. Randy Weaver alijijengea kibanda juu ya mlima na familia yake kukimbia dunia. Mwaka 1989 akamuuzia mtu shotgani mbili zilizokatwa mtutu, kumbe mtu mwenyewe ni mpasha habari wa serikali. Hakwenda mahakamani siku aliyotakiwa, na mkanganyiko wenyewe ulichangiwa na barua iliyomtajia tarehe isiyo sahihi. Agosti 1992 wakamzingira siku 11. Akafa mwanae wa miaka 14, akafa mkewe, akafa na askari mmoja wa serikali, Degan. Baraza la wazee wa mahakama likamfutia mashtaka ya mauaji na hata yale ya bunduki, na mwaka 1995 serikali ikalipa familia dola milioni 3.1. Jamaa yangu akiisimulia hii anasema unaona, ndo maana lazima tujilinde. Mimi nikiisikia naona kibanda, milima, bunduki, mbwa, kila kitu kwenye orodha ya prepa kilikuwepo, na mwisho wake ni makaburi matatu. Kisa kimoja kinatufundisha vitu viwili tofauti, na sina hakika kama kuna siku nitamshawishi.

Tukija kwenye kulinda eneo lenyewe, hapa ndo naona maprepa wengi wanajichanganya. Jamaa kachagua kiwanja chenye miti mizito mpaka ukutani ili nyumba isionekane barabarani. Kaweka geti la chuma, mnyororo, kufuli kubwa, na barabara ya kuingia ni moja tu ili aweze kuiangalia. Kwa mwizi, sawa kabisa. Sasa fikiria moto. Agosti 1910 milima ya Idaho na Montana iliungua kama hekta milioni 1.2, sehemu kubwa kwa siku mbili tu, na watu wasiopungua 85 wakafa, na kila kiangazi siku hizi moshi wake unatufikia hata huku mjini tunafunga madirisha. Moto ukija, miti iliyokuficha ndo kuni zako. Barabara moja inakuwa mtego. Kufuli lako linamzuia zimamoto, na ukianguka umevunjika mguu linamzuia na ambulensi. Mita kama 10 kuzunguka nyumba zinatakiwa ziwe wazi, hapana vichaka, hapana rundo la kuni ukutani, na bati la chuma juu badala ya mbao. Cha kuchekesha ni kwamba uwazi huo unamsaidia hata dhidi ya mwizi, maana mtu hawezi kusogea dirishani bila mbwa kumuona. Nilipomwambia hivyo alikaa kimya muda mrefu afu akasema atakata miti michache. Michache.

Kitu kingine hakizungumzwi sana kwenye haya maandalizi. Mwaka 2021 Marekani walikufa watu 48,830 kwa bunduki, na 26,328 kati yao walijiua wenyewe. Zaidi ya nusu. Sasa chukua mwanaume wa miaka hamsini na kitu, muweke peke yake mlimani, giza linaingia saa kumi jioni, theluji wiki tatu, chupa iko mezani, sefu liko wazi maana mwizi akija lazima awahi. Yeye anasema sefu lililofungwa halina faida saa ya hatari, na kwa dakika za kwanza ana haki. Ila kuna visefu vidogo vya bastola vinavyofunguka kwa namba sekunde chache tu, zile nyingine nane zinaweza kukaa kwenye chuma, na funguo ikakaa kwa mtu mwingine.

Halafu kuna majirani. Kanuni yake ni usimwambie mtu una nini, maana njaa ikiingia jirani ndo wa kwanza kukuvamia. Mimi nimekulia Shinyanga. Baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979 silaha zilizagaa, na wezi wa ng'ombe wakawa wanakuja na bunduki za kweli, wazee wetu wana pinde na mishale na filimbi. Mwanzoni mwa miaka ya themanini ndo sungusungu wakaanza. Ukipigwa mwano, yaani yowe la kuitana, usiku kila mwanaume anatoka na upinde wake, asiyetoka anapigwa faini, kijiji kinachofuata kinaudaka mwano kinauendeleza, na mwizi mwenye bunduki anajikuta kazungukwa na watu mia mbili ambao anajua risasi zake haziwatoshi. Wizi ulipungua sana. Siwasafishi, kuna watu walipigwa na wengine wakauliwa kwa kutuhumiwa tu wizi au uchawi bila mahakama, na kwenye koo zingine huko kwetu jambo hilo halijasahaulika mpaka leo. Lakini kwa swali la nani alilinda ng'ombe, jibu ni wale watu, gobole moja la mzee halikuwa na nafasi.

Nikamwambia hiyo habari, akanijibu Idaho sio Shinyanga, huku kila mtu ana bunduki na kila mtu anataka aachwe. Ana hoja, huwezi kuhamisha mwano ukaupeleka kwa watu ambao hata salamu ni kunyoosha kidole kimoja kwenye usukani. Ila siri yake nayo ni ya kujidanganya. Anayemletea gesi ana ramani ya njia ya kwake. Dukani anaponunua maharage kilo 50 wanamjua. Bibi mmoja anakaa maili moja chini yake, mjane, ana trekta ya kusukuma theluji, na ndiye aliyekuja asubuhi ile ya Jumapili bila kuitwa baada ya kuona moshi wa jiko umetoka usiku kucha. Alikuja na dumu mbili za maji na kopo la dawa ya kusafishia kabureta. Alisimama nje ya geti anapiga honi maana kufuli lilikuwa limefungwa.

Juzi jamaa kanipigia simu yuko njiani Montana na mzigo. Kanunua pampu ya mkono inayofika futi 200, kaifunga juu ya kisima, anasema mwanae wa miaka kumi anaivuta bila shida. Bibi kapewa funguo ya geti. Nikamuuliza miti je, akasema sita. Nikamuuliza bunduki, akacheka, zimekuwa kumi.