Unaongoza Jamii ya Programu Huria kwa Kujitolea: Mwajiri Ahusishwe kwa Kiasi Gani?

Anayeongoza timu inayotayarisha toleo jipya la Kubernetes, programu huria (msimbo wake uko wazi kwa kila mtu) ya kuendesha mifumo kwenye kompyuta nyingi, hubeba mzigo huo kwa takriban wiki 14. Anagawa majukumu, anafuatilia hitilafu zinazozuia toleo, anaamua kipi kiingie na kipi kisubiri. Tangu 2021 matoleo ni matatu kwa mwaka, kwa hiyo ratiba ni ya kubana. Ukipekua kumbukumbu za msimbo, hata hivyo, waweza kukuta mistari michache tu yenye jina lake. Siku ya tathmini kazini meneja anahesabu msimbo, naye hana wa kuhesabiwa.

Wanaotaka mwajiri autambue uongozi huu wana hoja nzito, na hoja yenyewe ni ya usalama. Desemba 2021, tundu la usalama la Log4j, programu huria ya kuweka kumbukumbu za mifumo, lilipozifanya kampuni dunia nzima zikeshe, walioketi kulirekebisha walikuwa watu wa kujitolea. Machi 2024 ukagunduliwa mlango wa siri ndani ya xz, programu huria ya kubana mafaili: mtunzaji alikuwa karibu peke yake na amechoka, akashinikizwa apokee msaada, na aliyejitokeza kusaidia ndiye aliyeupandikiza baada ya kujijengea imani kwa zaidi ya miaka miwili. Upungufu pale haukuwa wa waandika msimbo. Hapakuwa na watu wa kutosha wa kukagua, kupokezana na kusema hapana. Kampuni inayoendesha mifumo yake juu ya programu kama hizi inafaidika moja kwa moja na mtu wake anayeshika kazi hiyo.

Upande wa pili haupuuzwi. Meneja atasema mshika mbili moja humponyoka, na mara nyingine atakuwa sahihi: wiki ya mwisho kabla ya toleo haijali ratiba ya ofisi. Lakini naona hatari kubwa zaidi iko kwa jamii yenyewe. Apache, taasisi inayosimamia miradi mingi ya programu huria, tangu ianzishwe 1999, inasisitiza kwamba watu hushiriki kwa nafsi zao, si kwa niaba ya waajiri. Baraza la uongozi la Python, lugha ya kuandikia programu, lina watu watano, na wasiozidi wawili ndio wanaoruhusiwa kutoka kwa mwajiri mmoja. Kanuni hizi zina sababu. Kazi ya jamii ikishaingia kwenye malengo yako ya mwaka, bosi anapata haki ya kuuliza kwa nini kipengele anachokitaka kimeahirishwa. Akibadili mwelekeo wa kampuni, lengo linafutwa ukiwa katikati ya muhula. Halafu kuna wale ambao waajiri wao hawatatoa hata saa moja. Viti vya uongozi vikianza kudai muda wa mchana, watabaki nje, na uongozi utakuwa wa wafanyakazi wa kampuni chache kubwa.

Kwa maoni yangu, kosa la wengi ni kuomba sifa baada ya kazi, wakati kinachohitajika ni saa kabla ya kazi. Usigombee nafasi kwanza kisha ukamweleza meneja. Nenda kwake ukiwa na ukurasa mmoja wenye idadi ya saa kwa wiki (tuseme nne hadi sita), tarehe ya kuanza na ya kumaliza, na jina la mfumo wa kampuni unaotegemea programu hiyo. Ongeza sentensi ya mpaka: nafasi hii ni yangu binafsi, na katika uamuzi unaoihusu kampuni hii moja kwa moja sitapiga kura. Meneja akikataa sentensi hiyo, umejua mapema alichokuwa anataka kununua.

Jambo la haki miliki limalizwe hapo hapo. Kazi iliyofanywa kwa saa za mwajiri na kompyuta yake, kwa mikataba mingi, ni mali ya mwajiri. Miradi mingi nayo inakutaka uthibitishe kwa kila badiliko kwamba una haki ya kulitoa. Ruhusa iwe ya maandishi. Meneja aliyekukubalia kwa mdomo anaweza kuhama mwezi ujao.

Barua ya kutambua mchango inasaidia ikiandikwa vizuri, na nyingi haziandikwi vizuri. Zinasifu tabia: mchapakazi, mwenye moyo, mfano wa kuigwa. Meneja hana pa kuziweka. Linganisha “Aliongoza jamii kwa moyo” na “Aliratibu watu 22 kwa wiki 14, akasuluhisha mvutano uliokwamisha vipengele vitatu, toleo likatoka siku iliyopangwa.” Sentensi ya pili meneja anainakili kwenye fomu kama ilivyo. Itiwe saini na viongozi wenzako, ieleze ulipataje nafasi, na iepuke misamiati ya ndani ya jamii. Imfikie meneja wiki tatu kabla ya tathmini, nakala ibaki kwako. Ikitumwa idara ya rasilimali watu peke yake hulala kwenye faili, na ikifika baada ya alama kupitishwa haibadilishi kitu.

Mwajiri akikataa kabisa, fanya kazi hiyo kwa kompyuta yako na muda wako, baada ya kusoma mkataba unasemaje kuhusu kazi za nje, kisha iandike kwenye wasifu wako chini ya uongozi, si chini ya mambo unayopenda.

Na anayehama kazi katikati ya muhula asome kanuni za jamii kabla ya kusaini mkataba mpya. Kamati ya uongozi ya Kubernetes ina viti saba, na mwajiri mmoja haruhusiwi kushika zaidi ya theluthi moja. Watu wawili wa kampuni unayohamia wakiwa tayari wamo, kuna mtu atalazimika kuondoka.