Kidonge cha mzee hakikatwi nusu

Huku Uingereza mzee akicheleweshewa dawa siku mbili, anakuja juu mpaka famasia nzima inamsikia. Na ana haki. England ukifika miaka 60 hulipii dawa ulizoandikiwa, na daktari anaweza kuidhinisha za mwaka mzima kwa mara moja. Mwenye kusahau hupangiwa vidonge kwenye kisanduku chenye vyumba: Jumatatu asubuhi, Jumatatu jioni, hadi Jumapili.

Kwetu Tanzania Sera ya Wazee ipo tangu 2003. Kitambulisho cha matibabu bure mzee anacho, dirisha la wazee lipo. Anafika, anaambiwa: "Hiyo hatuna, kanunue nje." Bure imeishia hapo.

Ananunua vya siku kumi, kisha anavikata nusu ili visogeze mwezi. Kuna nifedipini, dawa ya presha, iliyotengenezwa itoke polepole. Ukiivunja, dawa ya saa nyingi inaingia mwilini kwa mkupuo. Presha inaporomoka, mzee anaamka usiku kwenda chooni, kizunguzungu, chini, nyonga imevunjika. Majirani watasema ni uzee tu.

Najua nitaambiwa nimesahau nilikotoka, eti mzee wetu ana watoto na wajukuu, si kama wa huku anayemaliza wiki bila kugongewa mlango. Ni kweli, na hilo najivunia popote. Lakini mtoto aliye Dar anatuma hela mwisho wa mwezi, na vidonge viliisha tarehe 12. Kiharusi hakisubiri mshahara.

Wala msiniambie nchi maskini. Amlodipini ni dawa ya presha ya zamani, ya bei nafuu. Kinachotuangusha ni namna ya kuagiza. Kituo kinaangalia kilichotumika miezi iliyopita. Rafu ikikaa tupu miezi miwili, matumizi yanasomeka madogo, oda inayofuata inapunguzwa, na rafu inakauka tena. Wazee wa presha na kisukari waandikwe kwa majina, vidonge vyao vihesabiwe, MSD, bohari ya dawa ya serikali, iagizwe kwa hesabu hiyo. Zanzibar tangu 2016 inamlipa pensheni kila aliyefika miaka 70 bila kumuuliza alichangia wapi, kwa hiyo kuorodhesha wazee si jambo lililotushinda.

Na ambaye presha yake imetulia apewe za siku 90 kwa safari moja, aache kulipa bodaboda kila mwezi kwenda kuambiwa hakuna.