Ile "+2" haikuwa mabegi

Shosti ameshawatangazia kwamba niligaagaa sakafuni uwanja wa ndege, basi acheni niseme mwenyewe. Sikugaagaa. Machozi yalinitoka, ndiyo, lakini nilikuwa wima.

Tiketi yake alinitumia mapema: Los Angeles, Ijumaa, 22:30. Sydney, 06:30, na pembeni kialama kidogo, +2. Nikajua karuhusiwa mabegi mawili. Nikapiga hesabu: saa nne na nusu usiku hadi saa kumi na mbili na nusu asubuhi, safari ya saa nane. Analala, anaamka, kafika. (Wewe uliyeniuliza "una hakika?" nikakujibu kwa nyodo, samahani.)

Jumamosi alfajiri nikasimama pale wanapotokea abiria na bango la manila: KARIBU MAMA LAO. Mlango unafunguka, watu wanatoka, wanakumbatiana, wanaondoka. Saa moja. Saa mbili. Simu yake inaita tu. Saa tatu kamili nikaenda dawati la maelezo nikapaza sauti: ndege imepotea na ninyi mnatuficha!

Foleni nzima kimya. Mzee mmoja aliyekuwa akimsubiri mwanawe akaweka mikono kichwani.

Dada wa dawatini akaomba tiketi. Nikampa simu. Akasoma. Akasoma tena. Akaweka ukucha wake mwekundu juu ya ile +2, akanigeuzia kioo, akasema taratibu, kama anamfundisha mtoto kufunga kamba za viatu: siku mbili mbele. Jumapili.

Nikabisha! Jamani, nilibisha. Akalichukua bango langu, akaandika nyuma yake: kilomita 12,000 na kidogo. Ndege ya abiria huenda kama 900 kwa saa. Kwa saa zako nane ingebidi ipite kasi ya sauti. Ni saa 15 angani, na huku tuko mbele ya Los Angeles kwa saa 17, maana katikati ya Pasifiki kuna mstari wa tarehe, ukiuvuka kuja huku unamezewa siku. Sasa hivi kwao ni Ijumaa, saa kumi jioni.

Yaani ndege niliyoililia ilikuwa bado na saa sita na nusu kabla ya kuruka.

Hapo hapo simu ikaita mkononi mwake. Ya video. Shosti, nusu ya kichwa kimesukwa, nusu kimetimka: "Simu thelathini! Kuna msiba?" Sauti juu kabisa. Yule mzee ndiye aliyecheka kuliko wote.

Jumapili nikarudi na bango lilelile, hesabu ikiwa nyuma. Akatua, tukakumbatiana, basi.

Jumamosi ijayo anarudi. Anaondoka Sydney saa nne asubuhi, anatua Los Angeles saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Jumamosi hiyohiyo. Msiniulize. Teksi ndiyo itakayompeleka.