Pasaka ya kwetu Moshi, mtoto anapata nini kilicho chake?

Chekechea anakosoma mwanangu hapa Leipzig wametuma karatasi kwamba kila mzazi alete mayai matupu. Matupu yani unatoboa juu na chini kwa sindano, unapuliza mpaka ute na kiini vyote vimwagike kwenye bakuli, ganda linabaki zima, watoto wanalipaka rangi na kulitundika kwenye matawi. Nimepuliza mpaka mashavu yakaniuma na jamani nimefurahi, maana nimemkumbuka mwalimu wetu wa sande skuli kule Old Moshi.

Pasaka moja yule mama alituambia kila mtoto aje na yai la kienyeji na maganda ya vitunguu. Akachukua jani la giligilani akalilaza juu ya yai, akalibana kwa kipande cha soksi kuukuu ya nailoni, akafunga uzi, akatumbukiza kwenye sufuria yenye maganda yanayochemka. Lilipotoka lilikuwa jekundu la kahawia, ila pale palipokuwa na jani pamebaki peupe na vijimshipa vyote unaviona. Akatugawia tone tone la mafuta ya kupikia tupake ling'ae. Lile yai nililala nalo.

Na kulipata ilikuwa kazi, maana kwa bibi yai ni hela. Yanakaa kwenye kapu stoo, yamehesabiwa, haya ya kuatamiwa, haya yanaenda sokoni Kiboriloni yarudi chumvi na mafuta ya taa, ukivunja moja utaeleza vizuri. Nilibembeleza wiki nzima.

Sasa niambieni, ukiacha lile yai, mtoto wa kwetu Pasaka ana nini? Wanaume wanachinja, kisusio, ile supu ya damu, kinapikwa, mtori upo, mbege ipo, na mtoto yeye ni wa kutumwa tu, kalete maji, shika mguu wa mbuzi, mpelekee babu kiti, halafu toka hapo watu wazima wanaongea. Nguo mpya alishapewa Krismasi. Nje masika, tope mpaka magotini, hata kucheza hawezi. Sikukuu inapita anaiangalia kwa pembeni.

Huku naona tofauti na inaniuma. Kuna Wasorbi, kabila dogo la hapa Ujerumani, wako upande wa Bautzen, wanachonga ncha ya unyoya wa bata bukini, wanachovya kwenye nta ya moto, wanagonga kwenye yai nukta baada ya nukta, wanalitia kwenye rangi, wanarudia nta, wanalitia kwenye rangi iliyokolea zaidi, mwisho wanaiyeyusha nta karibu na mshumaa na michoro yote inatokea. Na anayemwelekeza mtoto ni bibi yake, wamekaa meza moja, hamtumi popote! Hicho ndo ninachokitaka mimi, wala sio rangi.

Najua mtakachosema. Manka kaenda Ulaya juzi, leo anatufundisha Pasaka. Hapana, sikilizeni. Huku Saxony, jimbo lenye Leipzig, watu wengi hawana dhehebu lolote, Pasaka yenyewe viti kanisani vimejaa nafasi, na watoto wanaambiwa mayai yameletwa na sungura. Kwetu alfajiri tarumbeta zinalia, mlima hauonekani kwa mawingu, kanisa limejaa hadi watu wanasimama nje na mvua, na hata mtoto wa miaka minne anajua nani kafufuka. Hiyo siibadilishi na kitu chochote na nikiikumbuka nalia.

Mwingine atasema mayai ni uzungu. Kwani tarumbeta zilitoka wapi? Wamisionari wa hapa hapa Leipzig walifika Kilimanjaro 1893, wakatuachia nyimbo na tarumbeta, leo ni zetu, nani anazikataa? Na yai lina sababu yake kwao, zamani Kwaresima ilikuwa marufuku kula mayai, na kuku waliopunguza kutaga kipindi cha baridi kwa ufupi wa mchana walikuwa ndo wanaanza tena, kwa hiyo ikifika Pasaka mayai yamejaa ndani. Kuku wa kwetu anataga hata Julai, kwa hiyo kama mnaona yai halituhusu sawa, tafuteni kingine, mfundisheni kupuliza tarumbeta, mpeni kuku wake amlee, ila kiwe chake na mtu mzima akae naye chini.

Na wewe unayesema mayai bei juu tusichezee chakula, hakuna kinachotupwa. La kuchemsha linaliwa Jumatatu ya Pasaka na chumvi na kachumbari, la kupuliza unakaanga chipsi mayai. Maganda ya vitunguu pale sokoni Mbuyuni wauzaji wanayafagia tu, pita Alhamisi kabla ya Ijumaa Kuu uombe, watakujazia mfuko bure.