Dawa mpya za saratani: Mwanza ianzie maabara au wodini?

Kila baada ya muda ujumbe wa aina ile ile huzunguka kwenye simu za watu wa Mwanza: watafiti wamepata dawa ya saratani kwenye majani ya mti fulani, tena mti ambao bibi zetu walikuwa wakiuchemsha. Safari hii umenifikia kutoka kwa watu watano, akiwemo shangazi yangu wa Nansio, kisiwani Ukerewe, ambaye aliongeza swali lake: "Sasa mwanangu, kwa nini pale hospitali ya Bugando wasianze kuitoa?" Ni swali la haki. Na nyuma yake lipo jingine ambalo sisi tuliosoma kemia huwa tunalikwepa: mkoa ambao mgonjwa wake bado anaweza kukosa dawa za saratani zilizogunduliwa miaka sitini iliyopita, una sababu gani ya kutumia fedha kutafuta mpya?

Nianze na majani. Ukitaka kujua kama kampaundi, yaani kemikali fulani, inaua seli za saratani, unachukua sahani ya plastiki yenye visima 96, kila kimoja kipana kama punje ya harage. Unaotesha seli humo kwa joto la nyuzi 37, unaweka kampaundi kwa vipimo vinavyopungua safu kwa safu, unasubiri siku mbili au tatu, halafu unadondoshea rangi ya njano. Seli hai huigeuza kuwa zambarau. Palipobaki njano, seli zimekufa. Nikiwa mwanafunzi nilijaribu maji ya mwarobaini yaliyokolezwa, na safu za juu zikabaki njano tupu. Moyo ulinidunda. Msimamizi wangu hakunikatisha tamaa kwa maneno. Alichukua sahani nyingine akaweka tone la sabuni ya kuoshea vyombo kwenye kisima kimoja, na kesho yake nacho kilikuwa njano.

Kuua seli kwenye plastiki ni rahisi. Kazi ni kuua ya saratani na kuiacha hai ya uboho, ya utumbo na ya figo. Kampaundi iyeyuke kwenye damu, ipite kwenye ini bila kuvunjwavunjwa, ifike kwenye uvimbe ikiwa bado na nguvu. Sisplatini, dawa ya saratani yenye platini ndani yake, ilitengenezwa na mkemia Michele Peyrone katika miaka ya 1840, ikakaa zaidi ya karne nzima bila mtu kujua kazi yake, hadi Barnett Rosenberg na wenzake kule Marekani walipoona mwaka 1965 kwamba misombo ya platini inazuia bakteria kugawanyika. Ikaruhusiwa kutibu saratani mwaka 1978, baada ya madaktari kujifunza kumjaza mgonjwa maji ili figo zake zisiharibike. Hiyo ndiyo iliyofaulu. Kwa makadirio yanayotumika sana, kati ya dawa 20 za saratani zinazoanza kujaribiwa kwa binadamu, ni moja hivi tu inayofika hospitalini, na safari hiyo huchukua miaka kumi au zaidi.

Sahani hudanganya hata upande wa pili. Saiklofosfamaidi, moja ya dawa zilizookoa watoto wengi kando ya ziwa hili, ukiiweka yenyewe kwenye kisima karibu haifanyi kitu. Ni ini ndilo linaloifungua na kuipa makali. Angeachiwa mtu anayeamini rangi ya njano peke yake, dawa hiyo ingetupwa.

Nimeitaja kwa sababu saratani ya Burkitt ni ya kwetu kuliko tunavyopenda kukiri. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji aliyekuwa Mulago, Kampala, aliieleza mwaka 1958 kwa watoto waliovimba mataya. Baadaye ikaonekana kwamba inafuata maeneo ya joto na mvua yenye malaria nyingi, na ukanda huu wa ziwa umo ndani yake. Uvimbe wake unaweza kukua maradufu kwa siku moja au mbili. Lakini ni saratani inayosikia dawa: kwenye nchi tajiri watoto zaidi ya wanane kati ya kumi hupona, na zinazotumika kwa sehemu kubwa ni dawa kongwe kama saiklofosfamaidi, methotreksati na vinkristini, hii ya mwisho ikitoka kwenye ua dogo la Madagaska ambalo nyumba nyingi za Mwanza zimelipanda mlangoni kama pambo.

Hapo ndipo wanaosema "wodi kwanza" wanaponishika. Mpwa wangu alianza kulegea meno akiwa na miaka sita. Zahanati moja ikamng'oa mawili na kumpa dawa ya maumivu. Wiki tatu baadaye jicho la upande ule lilikuwa limesukumwa nje, ndipo akapandishwa kivuko kuja mjini. Hakuna molekuli mpya duniani ambayo ingezirudisha wiki tatu zile. Kilichohitajika ni mganga mmoja wa kushtuka kwamba mtoto wa umri huo halegei meno ya nyuma bila sababu, kipimo cha kipande cha nyama kilichokatwa kwenye uvimbe kinachorudisha majibu kwa siku na siyo kwa mwezi, na kichupa cha vinkristini ndani ya friji ambayo haizimiki umeme ukikatika. Mtu akiniambia fedha ya kununulia mashine ya kuchunguza molekuli ingetosha kuyafanya hayo yote, sina jibu la kumpinga kwa leo.

Ila hoja hiyo ukiifuata mpaka mwisho, inatuacha tukingoja wengine milele. Kampuni kubwa za dawa huenda kwenye soko, na mtoto wa Sengerema mwenye Burkitt si soko. Asipoifikiria mkemia wa hapa, ataifikiria nani? Na lipo la pili ambalo watu wengi hawalijui. Kimeng'enya cha ini (protini inayobadilisha kemikali mwilini) kinachoifungua saiklofosfamaidi kwa sehemu kubwa, CYP2B6, ndicho kilekile kinachoivunja efavirenzi, dawa ya VVU. Waafrika wengi wana aina ya kimeng'enya hicho inayofanya kazi polepole, na kwa efavirenzi ilidhihirika: kipimo kilekile kiliwazidi baadhi ya wagonjwa wetu, wakasumbuliwa na kizunguzungu na ndoto mbaya. Dawa iliyopimiwa damu ya Boston haijapimiwa damu ya Magu.

Ipo na historia inayoniuma. Desemba 1963 kipande cha uvimbe wa Burkitt wa mtoto kilisafirishwa kwa ndege kutoka Uganda kwenda London, ukungu ukaifanya ndege itue Manchester, na majimaji yaliyobeba kipande hicho yakafika nayo yakiwa na ukungu wake, umejaa seli hai. Mwaka 1964 Anthony Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr wakatangaza kirusi walichokiona ndani ya seli za namna hiyo, kirusi cha Epstein-Barr. Ulikuwa ugunduzi mkubwa kwa binadamu wote, nami naushukuru. Lakini uvimbe ulitoka kwetu, na maabara, majina na taaluma vikabaki kule.

Afrika Kusini wameonyesha kwamba kuna njia. Kituo cha H3D cha Chuo Kikuu cha Cape Town, kilichoanzishwa na Kelly Chibale mwaka 2010, kilifikisha kampaundi ya malaria kwenye majaribio ya binadamu mwaka 2014. Haijawa dawa dukani. Walichobaki nacho ni kizazi cha wakemia wanaojua kwa nini haikufika, na hicho hakinunuliki kwa msaada wa mwaka mmoja.

Kwa hiyo nasimama wapi? Mwanza isianze kwa kuunda molekuli. Ianze kwa kupima, kwa sababu hapo tayari ina mkono uliozoea. Ni hapa katika miaka ya 1990 ilipoonekana kwamba kutibu vizuri magonjwa ya zinaa kunapunguza maambukizi mapya ya VVU. Ni hapa, kwa kazi ya watafiti wa NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, na wenzao, wasichana 930 wa miaka 9 hadi 14 walipoonyesha kwamba dozi moja ya chanjo ya HPV huamsha kinga inayodumu. Ushahidi huo ulikuwa sehemu ya uliolisukuma Shirika la Afya Duniani kuikubali dozi moja mwaka 2022. Hiyo ni kinga dhidi ya saratani ya mlango wa kizazi, imepimwa Mwanza, na dunia ikasikiliza. Timu yenye uzoefu huo inaweza kesho kupima kipimo sahihi cha saiklofosfamaidi kwa watoto wetu, na friji, kipimo cha kipande cha uvimbe na wauguzi wa utafiti huo vingebaki wodini vikihudumia wagonjwa wengine. Pembeni yao wakae wakemia wachache, watatu au wanne, wenye ulinzi wa bajeti wa miaka kumi, wanaoshughulika na Burkitt na kirusi chake peke yake. Tukitawanyika kwenye kila mti, tutazalisha vichwa vya habari.

Kinachonipa hofu kwenye mpango huu ni ridhaa. Mama asiye na bima, anayeambiwa kwamba dawa ya majaribio ni bure na iliyozoeleka inalipiwa, ana uhuru gani wa kukataa? Ni lazima tiba ya kawaida iwe bure kwa aliyekataa sawasawa na kwa aliyekubali, na hilo liandikwe kwenye bajeti kabla karatasi haijafika kwa kamati ya maadili. Bila hivyo ni afadhali utafiti usifanyike.

Shangazi nilimpigia jana jioni. Nilimweleza kuhusu visima, rangi ya njano na tone la sabuni. Alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza kama yale majani anayomchemshia jirani yake mwenye uvimbe wa titi aendelee nayo. Nilimwomba asimame kwanza na amlete mjini Jumatatu. Wanakuja na kivuko cha asubuhi.