Nimeshukuriwa kwa Kufagia Kibaraza Changu Mwenyewe

Jumanne asubuhi nilikuwa nafagia kibaraza, khanga kiunoni, hata uso sijanawa vizuri, akapita yule binti na gunia lake la chupa tupu mgongoni. "Gyebale ko, nnyabo," akaniambia. Nikamjibu, "Kale, nawe gyebale." Akaenda zake. Hana nyumba yeye, halafu ananishukuru mimi kwa kufagia ya kwangu.

Huu ni mwaka wangu wa tisa Kampala, hapa Kibuli, na salamu hiyo bado inanigonga kifuani. Kwa ambao hamjafika huku: ni kama kumwambia mtu asante kwa kazi, na anaambiwa yeyote unayemkuta anashughulika. Muuza mkaa, mchimba mtaro, mwalimu, mama anayechambua mchele mlangoni. Haiulizi una miaka mingapi wala unalala wapi. Ukionekana unafanya jambo, unashukuriwa, basi.

Sasa tujitazame sisi. Mimi mtu wa Tanga, Ngamiani, nikikutana na mtu njiani nimeshapiga hesabu kabla sijafungua mdomo: huyu kanizidi, nimwamkie, huyu rika langu, mambo, huyu mdogo, ananiamkia yeye, na asiponiamkia nitamsema kwa mama yake. Yule aliyelala kwenye maboksi pale stendi hayumo kwenye hesabu hiyo. Hapati shikamoo hata akiwa na mvi, hapati mambo hata akiwa kijana. Tunampita kama nguzo ya umeme.

Najua, mmeshaanza. "Na pole na kazi, je?" Ipo, sijaisahau. Lakini kuwa mkweli, mara ya mwisho ulimwambia nani pole na kazi? Mwenzako wa ofisini. Mlinzi wa benki, kwa sababu ana bunduki. Ulimwambia lini mtu anayeokota chupa?

Huyo binti nimemjua kupitia mwanangu, na namna nilivyomjua inanitia aibu. Mwanangu ana miaka kumi na mitano, yuko Senior Two. Jioni moja nakatakata vitunguu, akaniuliza, "Mama, laazizi maana yake nini?" Kisu kikasimama. Siku mbili baadaye: "Na mwandani?" Hapo nikajua kuna mvulana. Mzazi yeyote wa pwani angejua hivyo hivyo. Mtoto haamki tu akauliza maneno ya mahaba kwa mpangilio.

Nikamfuata. Naam, nilimfuata mwanangu kwa miguu, nimejifunika mtandio mpaka puani, mchana wa jua kali. Nikamkuta nyuma ya kibanda cha chapati amekaa juu ya kreti ya soda. Pembeni yake msichana wa miaka kama kumi na tisa anatenganisha chupa: zenye rangi huku, nyeupe kule. Redio ya muuza chapati inapiga bongo fleva. Wimbo ukifika mahali, yule msichana anainua kidole, na mwanangu anamfafanulia. Hiyo ndiyo ilikuwa biashara yao. Nyimbo zetu alikuwa kazikariri zote kwa sauti bila kujua nusu ya maneno, na kwa mara ya kwanza alikuwa kapata mtu wa kumuuliza.

Kiswahili yule msichana alikitoa kwao Moroto, kule Karamoja, kaskazini-mashariki mwa Uganda. Mama yake alikuwa akiuza kwete, pombe ya kienyeji, karibu na kambi ya jeshi, naye alikua akisikia lugha ya askari. Ni Kiswahili cha amri, hakina ngeli, kinakata kama panga. Mwanangu anakipenda kuliko changu. Urafiki wenyewe ulianza siku mtoto alipokuwa akipita hapo anaongea na bibi yake kwa simu, kuhusu mguu wa bibi unaovimba. Kesho yake alipopita akasema gyebale kama kawaida, na badala ya "kale" akasikia, "Bibi mguu sasa namna gani?"

Tangu siku hiyo kila wiki anauliza. Dada zangu wako mtaa mmoja na mama yangu, na hawaulizi kila wiki. (Mtasoma hapa na mtanipigia. Pigeni.)

Ingekuwa vizuri niwaambie nilikwenda nikawasalimu. Sikwenda. Nilimshika mwanangu mkono, nikamvuta hadi nyumbani, na njia nzima nikamsomea orodha: kifua kikuu, chawa, wizi, wanaume watakaomkuta hapo, polisi. Neno nililotumia ni chokoraa. Akaninyamazia mpaka mlangoni, halafu akaniuliza, "Kwani wewe umemsalimia?"

Nilikasirika siku tatu. Mimi mtoto wa nchi iliyokuwa inamwita kila mtu ndugu! Nchi iliyotufundisha kuimba kwamba binadamu wote ni sawa, na kweli tuliimba, foleni asubuhi, na viroboto wetu miguuni. Nikafika Kampala na kiburi hicho chote. Mwaka wa kwanza nilikuwa nikiwacheka Waganda kwa kupiga magoti. Nilikuwa nikisema, angalia watu hawa, bado wana kabaka, mfalme wao, sisi tulishamaliza mambo ya kunyenyekeana. Basi ndani ya nyumba yangu mwenye kabaka kichwani ni nani?

Kabla hujaniandikia kwamba nimelewa matooke na kusahau kwetu, ngoja. Magoti ninayaona. Msichana huku anapiga goti kumsalimu mkubwa, wavulana wao mambo yao mepesi, na hilo sijalipenda hata leo. Pia nasikia wanavyolitamka neno Mkaramoja, kama mtu anayetema kokwa. Watoto wa kule wanakaa kwenye taa za barabarani, viganja wazi, na magari yanafunga vioo. Mwaka 2019 jiji lilipitisha sheria ndogo ya kukataza kuwapa watoto wa mitaani pesa na chakula. Wakati mwingine hupita lori usiku na watu wanapakiwa. Mwezi wa sita lilimchukua huyo binti, akapotea siku kumi na moja, akarudi bila gunia, mdomo umepasuka, na hakueleza. Mwanangu hakula vizuri siku zote hizo. Kwa hiyo usinielewe kwamba hapa ni peponi. Mtu anashukuriwa asubuhi na kupakiwa usiku, mji huo huo.

Ila na sisi lori tunalijua. Nani wa rika langu hakumjua Matonya, yule ombaomba? Anarudishwa Dodoma leo, keshokutwa yuko tena Dar, amelala chali, mkono juu, na sisi tunacheka. Tulimcheka miaka. Hakuna aliyekaa akauliza Dodoma kuna nini mpaka mtu aone afadhali lami ya jua la Dar. Mvua, ndiyo iliyokuwa haipo. Karamoja vivyo hivyo: msimu mmoja wa mvua kwa mwaka, ukikosea umekosea, na ng'ombe wakishaibwa au kufa hakuna benki nyingine. Jina la huyo binti, sitaliandika, linatokana na neno lao la mvua. Wanawapa hivyo watoto wanaozaliwa inaponyesha. Ukimtazama na gunia lake kwenye matope ya Kampala, mji unaonyeshewa mpaka mifereji inatapika, unashindwa ucheke au uache.

Tena Mahakama ya Afrika, inayokaa Arusha, kwetu sisi, ilitoa maoni mwaka 2020 kwamba sheria za uzururaji zinapingana na haki za binadamu. Na mwaka 2022 Mahakama ya Katiba ya huku Uganda ikafuta vipengele vilivyoruhusu mtu akamatwe kwa kushukiwa tu kwamba anazurura au hana njia ya kuishi. Mnajua nilivyolijua hili? Mwanangu aliniletea, kaliandika kwenye daftari la Fizikia, siku ile lori lilipopita. Mtoto wangu mimi, ambaye hakumbuki kuanika taulo.

Kuna jambo jingine sikulijua. Shuleni kwake walikuwa wakimcheka kwa Kiswahili. Huku ni lugha rasmi ya pili tangu mabadiliko ya katiba ya 2005, na mwaka 2022 baraza la mawaziri likaamua kifundishwe kwa lazima, lakini masikioni mwa wazee wengi wa Kiganda bado ni lugha ya askari wa Amin na ya majambazi wa usiku. Na mwaka 1979 tukaingia na sisi kwa vifaru, tukiongea hicho hicho. Watoto wanarithi. Kwa hiyo mwanangu darasani anaficha lugha yake, na huko nyuma ya kibanda kuna mtu anaisubiri kwa kidole juu. Ungekuwa na miaka kumi na mitano ungekaa na nani?

Desemba iliyopita tulikwenda nyumbani. Tunashuka basi Tanga, mwanangu akamwona kijana anakusanya makopo, akamwambia, "Kaka, hongera kwa kazi." Kwa Kiswahili, kwa heshima zote. Yule kijana aligeuka kutazama nyuma yake, akidhani anaambiwa mwingine. Dada yangu akamvuta mtoto: "Huyu kaharibikia Kampala." Na mimi nikacheka pamoja naye, ili yaishe. Ndiyo maana Jumanne, fagio mkononi, ile gyebale ilinichoma.

Sasa mtaniuliza nimemsaidia nini, maana hilo ndilo swali letu, tukishindwa kumsalimu mtu tunauliza amesaidiwa nini. Sabuni. Dawa ya mdomo ule. Chai ya maziwa asubuhi za mvua, na anainywa nje kwa sababu hataki kuingia. Amesema harufu ya nyumba humfanya asilale vizuri usiku. Nilimwambia mume wangu nimtafutie kazi ya ndani kwa jirani. Akasema, "Umemuuliza?" Nikamuuliza. Hataki. Chupa zinamtosha, na jirani yule anapiga.

Mwezi ujao tunakwenda tena kwa arusi ya mdogo wangu. Binti wa chupa ametuagiza kitu kimoja: khanga, lakini yenye jina refu, ili mwanangu amfafanulie neno kwa neno. Nikamwambia khanga ni doti, vipande viwili. Akasema kimoja kibaki kwa rafiki yake, yeye hana pa kuweka vyote. Mama yangu ameshaanza kuzunguka madukani kwa niaba yetu, na mguu wake ule. Jana kanipigia amekereka: duka zima khanga ni za kumsuta mke mwenza.